Mzigo Ulioshika Kichwa cha Mbambu

Wanawake wa Kyondo hawabebi kichwani. Mzigo hukaa mgongoni, ndani ya kikapu, na uzito wake wote hushikwa na ukanda unaopita kwenye paji la uso, juu kidogo ya nyusi. Mwanamke huinama mbele, shingo husukumana na mzigo, na mlima hushukwa hivyo, macho yakiwa ardhini. Mbambu alivishwa ukanda wake wa kwanza kabla meno ya utoto hayajamwisha kinywani. Alibeba kuni, akabeba mihogo, akabeba kahawa ya mumewe. Alipoolewa alipanda mlima na mzigo. Alipofiwa akashuka nao, kwa sababu maharage hayasubiri matanga.

Kwa kutazama chini miaka yote hiyo, aliwajua watu kwa miguu. Akikutana na jirani yake Blasio njiani, alikisalimu kwanza kidole gumba cha mguu wake wa kushoto, kilichopinda nje kama kinachotaka kwenda safari yake peke yake.

"Hakijambo hicho kidole?"

"Hakijambo, mama. Kinauliza utakishonea kiatu lini."

"Kiambie kirudi nyumbani kwanza."

Siku za soko alishuka hadi Bwera na kukaa ubao mmoja na Blandine, mchuuzi wa vitenge na mawese. Blandine alivuka mpaka kutoka upande wa Butembo wakati wa vita, akasema atarudi hali ikitulia, na sasa wajukuu wake wanasoma Bwera. Wangeweza kusemezana kwa lugha ya milimani, kwani ni moja pande zote mbili za mpaka, lakini Blandine akikaa mbele ya bidhaa zake ulimi haukukubali kingine ila Kiswahili cha kwao. Mbambu alimjibu kwa kile alichookota sokoni. Wateja walisimama hata wasionunua kitu, ili wawasikie.

Ugonjwa ulianza msibani. Mzee mmoja wa ukoo wa mumewe alikuwa akizikwa, na Mbambu alikaa na wanawake wenzake juu ya majani makavu ya migomba. Jua lilipoanza kushuka, kichwa chake nacho kikashuka. Kidevu kikagusa kifua. Wanawake waliguswa. "Mtazameni Mbambu," walinong'ona, "anavyomlilia shemeji yake." Mmoja alimpapasa mgongo. Yeye hakuwa akilia. Alikuwa akijaribu kuinua kichwa, na kichwa hakikuja.

Hapakuwa na maumivu. Angekuwa na maumivu angejua pa kuweka mkono. Asubuhi aliamka shingo imesimama, akajicheka, akasema ni uchovu wa kukesha. Lakini siku chache baadaye, alasiri, akiwa anachambua maharage uani, kichwa kilianza tena safari yake ya kwenda chini, polepole, bila kumwomba ruhusa. Akakishika kwa mkono. Akatazama kama kuna aliyemwona.

Dawa aliigundua mwenyewe. Alikuwa anakwenda shambani kuchimba viazi, akavaa ukanda, akatia jembe na debe tupu kikapuni. Mzigo ule mdogo ukamvuta kipaji nyuma, na kichwa kikasimama wima. Ghafla aliona mlango wa jikoni, akamwona mkwe wake Jolly akipepeta unga, akauona mlima wa ng'ambo na mashamba yaliyoning'inia juu yake. Alisimama pale kwa muda mrefu akitazama.

Tangu siku hiyo aliokota mawe mawili ya kijitoni, akayafunga ndani ya kitenge kuukuu, akayalaza chini ya kikapu. Jua likivuka utosi, alivaa. Alivaa akipika, akivuka ua, akikaa sokoni. Watu walisema Mbambu hawezi kuishi bila mzigo, na walisema kwa heshima.

Yeye hakumwambia mtu. Mwanamke mjane akisema kichwa kinamwanguka bila maumivu, ataulizwa amekosana na nani. Majina yatatajwa, na majirani wataanza kutazamana. Na yeye mwenyewe, mwisho wa yote, atakalishwa nyumbani kama kitu cha kulindwa. Alitaka kushuka sokoni. Hakuwa na tamaa nyingine.

Blandine ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza.

"Wee Mbambu, unauzisha maharage ao unauzisha kitunga? Tangu saa sita iko kwa mugongo tu. Tosha ile kitu, mugongo ipumuzike."

"Wacha. Mimi nimezoea."

"Na ile jicho? Unanifungia jicho moya sababu gani? Miye siko mwanaume."

"Nakuchagua wewe. Wanaume yote ya Bwera imezeeka."

Blandine alicheka mpaka mabega yakatikisika, akampiga kwa upindo wa kitenge. Lakini baada ya kicheko aliendelea kulitazama lile jicho. Kope la kushoto lilikuwa limeshuka hadi nusu ya mboni, kama la mtu anayesinzia upande mmoja tu. Siku ya soko iliyofuata, asubuhi, jicho lilikuwa wazi na maneno yalikuwa mengi, na Blandine akasahau.

Mwanawe Mbambu aliitwa Davis. Alifundisha shule ya msingi Bwera, akishuka na kupanda mlima kwa pikipiki kila siku, na alimpenda mama yake kwa namna ya watu wasiojua kuyasema mapenzi, yaani kwa kumkataza mambo. Wanaume waliokaa penye banda la kununulia kahawa walikuwa wamegundua pa kumtania.

"Mwalimu," Blasio alimwita jioni moja, "hiyo pikipiki inabeba nini?"

"Inanibeba mimi, mzee."

"Na mama yako anabeba nini?"

Davis aliinamia gurudumu la mbele, akalibonyeza kama anayepima upepo.

"Mwana ana pikipiki, mama ana kikapu," Blasio aliwaambia wenzake. "Hii ndiyo elimu ya siku hizi. Mimi kidole changu kimekataa kusoma tangu zamani."

Walicheka wote. Davis naye alicheka, kwa sababu mwalimu asiyecheka hutaniwa mara mbili. Lakini wiki ile ile alimpakia mama yake alfajiri, akampeleka kliniki moja mjini Kasese, mapema, ili wawe mbele ya foleni.

Walikuwa mbele ya foleni. Mbambu alikuwa amelala vizuri, amevaa gauni lake la kanisani. Shingo ilikuwa imesimama, macho mawili yako wazi, sauti inatoka kifuani. Alifurahi kuwa mzima mbele ya daktari, kama mwenye nyumba anavyofurahi wageni wakikuta uwanja umefagiliwa. Aliulizwa anaumwa wapi, alisema haumwi. Walimpiga picha ya shingo. Daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akamwonyesha Davis mifupa iliyolika.

"Ni ule ukanda," alisema. "Mama zenu wa milimani wote wana shingo za namna hii. Asibebe tena."

Yalikuwa maneno ya kweli, na kweli ile ikaifunika nyingine. Hakuna aliyeuliza juu ya jioni.

Siku hiyo hiyo alasiri, Davis alimkuta mama yake uani na kikapu mgongoni. Hakugomba. Alikwenda nyuma yake, akakitua kwa mikono miwili, na uzito wake ukamshangaza: mdogo mno kwa mihogo, mkubwa mno kwa kikapu kitupu. Akafungua kitenge.

"Mama, hii ni nini?"

"Mawe."

"Naona ni mawe. Mawe ya nini?"

Mbambu alikuwa ameshakishika kidevu chake. Sauti yake wakati ule wa siku ilipita puani, na maneno yalikuwa na kingo laini, kama sabuni iliyotumika. "Yananishika," alisema.

"Yanakushika vipi?"

"Kichwa."

Davis alimtazama Jolly. Jolly aliangalia chini. Walichosikia wote wawili ni bibi mzee anayesema kwamba mawe yanamshika kichwa, na kila mmoja moyoni mwake alilisema neno ambalo hakuna aliyetaka kulitamka: akili imeanza kuondoka. Davis alichukua panga, akaukata ule ukanda. Aliukata kwa upole, kama mtu anayemkatia mbuzi kamba iliyomnasa. Mawe akayarudisha kijitoni.

Mbambu alimtazama akiyatupa. Alikuwa na la kusema, lakini lilikuwa refu, na sauti yake haikuwa na urefu huo.

Baada ya hapo hakushuka tena sokoni. Alikaa barazani, kiwiko juu ya goti, kidevu juu ya kiganja, na wapita njia walisema Mbambu siku hizi anawaza sana. Davis alimnunulia kiti chenye mgongo mrefu. Kilikuwa kiti kizuri, cha mbao ya mtiki, na seremala alikichongea maua pembeni. Lakini mgongo wa kiti hukishika kichwa kinachoanguka nyuma. Cha Mbambu kilianguka mbele. Alimshukuru mwanawe, akakikalia, akarudisha kiwiko gotini.

Chakula nacho kilificha. Bundu, ule ugali wetu wa muhogo, hautafunwi. Hufinyangwa kwa vidole, huchovywa, humezwa. Mtu anaweza kukaa miezi na taya lililochoka, na mezani asijulikane. Jolly peke yake, akikusanya sahani, aliona kwamba maharage yalibaki yote, na kwamba nyama ya Jumapili ilitoka kinywani kama ilivyoingia. Mara moja alimwona mama mkwe akilisukuma taya lake kwa mkono ili lifunge. Kisha ikaja jioni ambayo chai ilirudi kwa njia ya pua. Mbambu alikohoa mpaka machozi, na Jolly akamfuta, akafuta meza, akaficha kile kitambaa. Mke atamwambiaje mume kwamba chai inatoka puani mwa mama yake? Alijiambia ni mafua.

Davis aliisikia sauti iliyokuwa ikizidi kuzama, jioni baada ya jioni, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, akadhani mama amenuna kwa sababu ya ukanda. Alijaribu kumchekesha. Mbambu alijaribu kucheka, lakini midomo haikupanda. Meno yalionekana tu, na uso ukawa kama wa mtu aliyekasirika. Basi Davis akaacha kumchekesha.

Blandine alivumilia siku za soko kadhaa huku upande mmoja wa ubao ukiwa mtupu. Halafu akafunika bidhaa zake, akachukua chupa ya mawese, akaupanda mlima wa Kyondo. Ni mnene, na miguu inamvimba; alikaa chini kila penye jiwe, akiwatukana waliojenga nyumba zao karibu hivyo na mawingu. Alifika alasiri. Jolly alikuwa akimnywesha Mbambu uji kwa kijiko.

Blandine alisimama mlangoni. "Maria Mama wa Mungu," alisema. "Mbambu. Ni weye?"

Mbambu alijaribu kuinua macho. Kope zote mbili zilikuwa zimeshuka sasa. Akarudisha kichwa nyuma kwa mkono wake mwenyewe, ili amtazame rafiki yake kupitia ufa uliobaki, na akiwa vile vile, na uji mdomoni, uji ulipotea njia. Hakukohoa. Kifua kilitaka kukohoa na hakikuweza. Palitoka mlio mdogo tu, na uso ukabadilika rangi. Davis, aliyekuwa ndio kwanza anarudi kutoka shuleni, alimwinamisha, akampiga mgongoni, uji ukatoka.

"Tangu lini?" Blandine aliuliza. Davis alikuwa akifuta uji kifuani mwa mama yake. "Nauliza, tangu lini? Jicho miye niliona tangu musimu ya kahawa, nikafanya mchezo. Weye, Jolly?"

"Chai," Jolly alisema, akaanza kulia. "Chai inatoka puani."

"Chai?" alisema Davis. "Tangu lini chai inatoka puani?"

"Na weye mwalimu uliona nini?"

"Shingo," alisema Davis. "Na mawe."

"Basi kila mutu hapa alijificha na kipande yake," alisema Blandine, "na mama anakufa mu vipande. Washa pikipiki. Hapana kesho. Sasa hivi."

Woga ndio uliowapeleka saa ile. Hakuna aliyejua kwamba hiyo ndiyo saa ambayo ugonjwa hujionyesha. Walimweka Mbambu kati ya Davis na Jolly, kichwa chake kikiwa kimelala mgongoni kwa mwanawe, wakashuka hadi hospitali ndogo ya misheni iliyo kando ya barabara ya Bwera. Blandine alifuata kwa bodaboda ya kukodi. Huko walikaa foleni, na wakati wanaitwa jua lilikuwa limeinama kabisa, na Mbambu alikuwa katika hali mbaya kuliko zote za siku ile.

Daktari alikuwa kijana, Byamukama, mtu wa upande wa Bushenyi. Hakugusa karatasi kwanza. Alikaa mbele ya Mbambu, akainama ili uso wake uwe chini ya uso wa mama.

"Mama, asubuhi unakuwaje?"

"Mzima," alisema Mbambu, na neno hilo moja lilimchosha.

Daktari akakisogeza kiti chake karibu. Akamwomba atazame juu, kwenye dari, asishushe macho. Yalishuka yenyewe. Akamwomba ahesabu kwa pumzi moja; alihesabu kwa lugha yake, na pumzi ikaisha kabla ya vidole vya mkono mmoja. Kisha daktari akageuka akamuuliza Davis kitu kilichoonekana cha kipuuzi: wauza samaki wameshafunga?

"Nataka barafu. Kipande tu."

Davis alikimbia. Alirudi na barafu yenye harufu ya samaki, wale ngege wa Katwe, maji yakimchirizika mpaka kwenye kiwiko. Daktari aliitia ndani ya glavu, akailaza juu ya kope la kushoto, akaishika pale kwa muda. Alipoiondoa, jicho la Mbambu lilikuwa wazi. Wazi kabisa, jeupe, lenye maji, likiwatazama.

"Mama!" alisema Davis. "Basi ni barafu! Dawa ni barafu!"

"Barafu si dawa, mwalimu," alisema Byamukama. "Imenitajia tu jina la ugonjwa."

Akaeleza. Misuli ya mama ni mizima, na mishipa inayoleta amri kutoka ubongoni ni mizima. Kasoro iko pale vinapokutana. Amri inatumwa, haipokelewi vizuri. Mara ya kwanza inasikika, ya pili nusu, ya kumi haisikiki. Akilala, au msuli ukipozwa kwa barafu, inaanza kusikika tena. Ndiyo maana asubuhi zake ni njema.

"Si uzee?" Jolly aliuliza.

"Si uzee. Huwapata wazee, na kwa kuwa ni wazee, kila mmoja husema ni uzee. Shingo, kope, kutafuna, sauti, chai. Vikiwa pamoja, na vikizidi jioni, si uzee."

"Na dawa iko?" alisema Davis.

"Iko." Daktari aliiweka kando ile glavu ya barafu. "Hapa hatuna. Na kwa alipofika, vidonge peke yake havitatosha. Kupumua nako ni kazi ya misuli, mwalimu. Anahitaji kuwa Mbarara, penye mashine, kabla misuli hiyo haijachoka."

Wakati wanasema hayo, kope la kushoto lilikuwa limeshaanza kushuka. Davis aliliona. Alilitazama likienda, na hapakuwa na kitu cha kufanya ila kulitazama. Kisha akasimulia habari ya mawe, kwa sababu alihisi asipoisema hapo hataisema kamwe. Daktari alisikiliza, akauliza nani alimfundisha mama kufanya vile. Davis alisema hakuna.

Gari la wagonjwa lilipatikana kesho yake, tayari ni mchana. Mbambu hakuwa tena mzima hata asubuhi. Walikuwa wamempitishia mrija puani, na mtungi wa oksijeni uliwekwa pembeni yake. Blandine alisimama getini, ameshika chupa ile ile ya mawese ambayo hakuna aliyekumbuka kuipokea.

"Ubao yako siuzishi mutu!" alipiga kelele gari likiondoka. "Umesikia? Ata wanipe nini!"

Garini Mbambu hangeweza kulazwa. Akilala chali pumzi ilikatika. Alikaa, na Davis alikaa nyuma yake, miguu yake huku na huku, kiganja chini ya kidevu cha mama. Muuguzi Rusi alishika mrija wa oksijeni. Mkono ulipokufa ganzi, Davis alibadilisha mkono. Kichwa kilikuwa kizito kuliko alivyowahi kufikiri kichwa cha mtu kinaweza kuwa.

Walipita Kikorongo, wakaingia kwenye nyika ya mbuga, mahali ambapo Mbambu hakuwahi kufika. Alianza kugonga paja la mwanawe kwa kidole.

"Unataka nini, mama? Maji? Haiwezekani maji."

Aligonga tena. Kisha aliuinua mkono, taratibu, akaugusa uso wake chini ya jicho, mkono ukaanguka.

Davis alielewa. Kwa kidole gumba cha mkono wa pili akaliinua kope la kulia. Walikuwa juu ya daraja la Katunguru.

"Maji hayo, mama. Ni mfereji wa Kazinga. Na wale weusi ni viboko. Wale pale, karibu na matete. Unawaona?"

Hakujua kama anaona. Mboni haikusogea. Midomo ilijaribu umbo la neno, na neno halikuja. Pumzi yake ilikuwa fupi, na kati ya pumzi na pumzi palikuwa na nafasi ambayo Davis aliisikiliza kwa mwili mzima.

"Mwachie kidogo, mwalimu," alisema Rusi. "Jicho litakauka."

Akaliachia. Kope likafunga. Barabara ilianza kupanda kuelekea Bushenyi, dereva akabadilisha gia, na oksijeni ikaendelea kububujika ndani ya chupa yake ya maji. Kidole cha Mbambu kikagonga tena, kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo.

Davis akalifungua jicho.

"Migomba, mama," alisema. "Sasa ni migomba. Ni mingi. Iko pande zote mbili."